Mwaka wa Gredi ya Tatu, kati ya Mbita na Migori

Katika shule za msingi zilizo kando ya ziwa huko Mbita, rejista ya darasa hufuata mwezi wa angani. Usiku wa giza ndio usiku wa omena. Mashua hutoka jioni zikiwa na taa, samaki hao wadogo huufuata mwanga, na alfajiri nyavu zikiletwa ufuoni kazi ya kuwaanika huhitaji mikono mingi. Baadhi ya mikono hiyo ni ya watoto wa miaka minane na tisa. Siku hizo mwalimu akiita majina, kimya kinajibu hapa na pale. Mbalamwezi ikirudi, madawati hujaa tena.

Nilikwenda kaunti za Homa Bay na Migori kutazama jambo moja: mtoto wa Gredi ya Tatu hufunzwa nini kuanzia Januari hadi Oktoba, na hutoka darasani na nini. Darasa hilo sikulichagua kwa bahati nasibu. Kwa sera ya elimu ya Kenya, miaka mitatu ya kwanza ya shule ya msingi mtoto hufundishwa kwa lugha inayotumika pale shule ilipo. Akiingia Gredi ya Nne, Kiingereza ndicho huchukua usukani: sayansi kwa Kiingereza, kilimo kwa Kiingereza, masomo ya jamii kwa Kiingereza. Asiyejua kusoma wakati huo hafundishwi tena kusoma. Anapewa kitabu na kuambiwa ajibu maswali. Kwa hiyo Gredi ya Tatu ndio mwaka wa mwisho ambao shule inamngoja mtoto, na nilitaka kuona inamngojaje.

Darasa la kwanza nililoketi ndani yake liko mlimani, ukitoka nje unaona kisiwa cha Rusinga na daraja linalokiunganisha na nchi kavu. Paa la mabati, madirisha yasiyo na vioo, watoto sitini na kitu, watatu watatu kwenye dawati. Ukutani mmetundikwa herufi zilizoandikwa kwa mkono kwenye magunia ya saruji yaliyopasuliwa, na kwenye kamba, visoda vilivyotungwa kumikumi kwa ajili ya hesabu. Kipindi ni cha dakika 30. Mwalimu, mama wa makamo asiyepandisha sauti, ameandika ubaoni hadithi ya mistari sita kuhusu msichana aliyetumwa sokoni baada ya masomo.

Mvulana wa mstari wa mbele akasimama kusoma. "Akieni alitoka sule..."

Mwalimu hakusema kwamba amekosea. Aliuliza darasa zima: "Mtoto akilia usiku, mama humnyamazisha vipi?"

"Shhhh!" darasa likajibu kwa pamoja, na kwa furaha.

"Basi anza na hiyo."

Mvulana akavuta pumzi. "Shhh... shule." Akarudia mstari wote, akapita, akaketi. Haikuchukua hata nusu dakika, na hakuna aliyemcheka.

Dholuo, lugha ya Wajaluo, haina sauti ya sh, wala z, wala v. Mtoto Mjaluo anayeanza Kiswahili husema sule, sawadi, fitabu, na Kenya nzima imefanya jambo hilo kuwa kichekesho cha redioni na jukwaani. Mimi kichekesho hicho kinaniudhi, na kiliniudhi zaidi baada ya kipindi kile, kwa sababu baadaye kidogo mwalimu aliandika maneno mengine: dhahabu, thelathini, dhambi, thamani. Watoto walewale waliyasoma moja kwa moja, ulimi ukigusa meno pale hasa unapopaswa kugusa. Th na dh ni sauti za nyumbani kwao. Nimesikia watangazaji wenye mishahara wakisema zahabu na selasini. Mtoto wa Mbita hajui kosa hilo. Hata ng' ya ng'ombe, inayowasumbua wageni wengi, kwake ni ileile aliyoizoea katika Dholuo, yenye alama ileile juu yake.

Kinachomsumbua kwa kweli ni ngeli. Dholuo haina upatanisho wa namna ya kitabu kizuri, vitabu vizuri, mti mzuri, miti mizuri. Hapa ndipo mwaka unapoishia. Kanuni haisomwi kutoka ubaoni. Mwalimu anainua kitu kimoja, kisha viwili, darasa linataja, anainua kingine, linataja. Kiti hiki, viti hivi. Siku baada ya siku, wiki baada ya wiki, mpaka sikio lenyewe likatae "kitabu mzuri". Nilimuuliza ni lini huona sikio limekubali. Akasema kwa wengi ni muhula wa pili, karibu na Julai, na kwamba hujua kwa kuwasikiliza uwanjani wakigombana, maana mtoto akigombana hana muda wa kufikiria sarufi.

Msingi wa kusoma kwa lugha ya nyumbani si jambo geni upande huu wa nchi. Gendia, karibu na Kendu Bay, misheni ya Waadventista ilianzishwa mwaka 1906 na Arthur Carscallen, ambaye aliandika sarufi ya Dholuo, na baada ya miaka michache kukawa na mtambo wa kuchapa vitabu papo hapo. Kwa hiyo Dholuo ina zaidi ya karne moja katika maandishi, tahajia yake imetulia, na mtoto aliyeisoma vizuri tayari ana nusu ya kazi ya kusoma Kiswahili. Hata hivyo, wazazi wengi wa mjini, Homa Bay na hata Oyugis, huona vipindi vya lugha ya nyumbani kuwa muda uliopotea. Shule za binafsi zinawaunga mkono kwa kuanza Kiingereza tangu chekechea. Nawaelewa wazazi hao, kwa sababu wanaona ajira inazungumza lugha gani. Lakini niliyoyaona madarasani yamenisadikisha kinyume. Mtoto aliyeanza na Dholuo alisoma hadithi na kuisimulia. Mwenzake aliyeanza na Kiingereza kitupu alisoma kila neno kwa sauti safi, na alipoulizwa msichana alikwenda wapi, alinyamaza.

Hali ni ngumu zaidi kwa Wasuba wa Mfangano na Rusinga. Lugha yao imemezwa na Dholuo kizazi baada ya kizazi, na ingawa miaka ya 1990 kulifanywa juhudi ya kuiingiza shuleni, mtoto anayeitwa Msuba leo mara nyingi hufunzwa Dholuo kama lugha yake ya kuzaliwa, na mara nyingi ndiyo kweli aliyozaliwa nayo. Babu yake tu ndiye anayeijua ile ya Wasuba.

Mtaala wenyewe ni wa umilisi, ulioanza Januari 2019 katika madarasa ya chini kuchukua nafasi ya ule wa 8-4-4 uliodumu tangu 1985. Mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa 2023. Katika madarasa haya matatu ya mwanzo masomo yamepunguzwa hadi saba baada ya malalamiko mengi: lugha ya nyumbani, Kiswahili, Kiingereza, hisabati, mazingira, dini na sanaa. Hisabati ya mwaka huu hufika namba elfu moja, kuzidisha hadi kumi mara kumi, kugawanya kwa kutoa mara kwa mara, na sehemu tatu tu: nusu, robo na thumuni. Kuna kupima kwa mita, kilo na lita, kuna saa, na kuna fedha. Lita hupimwa kwa chupa za plastiki zilizookotwa, na duka la darasani huuza visoda na mahindi kwa noti zilizochorwa kwenye karatasi. Nilinunua hapo "kilo ya sukari" na nikarudishiwa chenji pungufu, muuzaji akasahihishwa na foleni yote iliyokuwa nyuma yangu.

Kutoka Homa Bay nilichukua matatu ya Rongo, kisha nyingine ya Migori. Baada ya Rongo unaingia nchi ya miwa. Malori ya Awendo yanayopeleka mzigo kiwandani hujaza barabara, na shule zimekaa katikati ya mashamba kiasi kwamba kengele husikika kabla jengo halijaonekana. Ukipita mji wa Migori na kushika njia ya Nyatike, miwa inakwisha, ardhi inakauka, na unaanza kuona mashimo.

Hii ni nchi ya dhahabu. Mgodi wa Macalder ulichimbwa enzi za mkoloni, kampuni ikaondoka, lakini wachimbaji wadogo wamebaki. Wanaume hushuka mashimoni kwa kamba, wanawake husaga na kuchekecha, na watoto hubeba maji. Siku ambayo shimo fulani limetoa, habari hufika shuleni kabla ya saa nne, na baada ya mapumziko madawati kadhaa huwa matupu.

Katika shule moja ya huko nilikuta somo la sehemu. Mwalimu, kijana ambaye bado alikuwa akingoja kuajiriwa na TSC, tume ya walimu ya serikali, na ambaye wazazi ndio wanaomlipa, alikuwa amekata karatasi nusu, kisha robo, kisha thumuni. Mvulana mmoja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, pointi ni thumuni ya nini?"

Pointi ni kipimo cha wachimbaji: moja ya kumi ya gramu. Kila mtoto darasani amekisikia nyumbani tangu kuzaliwa, maana ndicho hupimiwa dhahabu ya mama yake jioni. Sehemu za kumi hazimo katika Gredi ya Tatu. Mwalimu angeweza kusema hivyo na kuendelea. Badala yake alichora mstari mrefu ubaoni, akaugawa mara kumi, akaandika 0 mwanzoni na "gramu moja" mwishoni. "Mzani ukisema pointi saba, kidole chako kiwe wapi?" Walikimbilia ubaoni wakisukumana. Kidole cha kwanza kilikosea, cha pili kikapatia, na kuanzia hapo kila mtu alitaka zamu yake. Somo la siku hiyo halikumalizika kama lilivyopangwa katika kitabu cha mwalimu. Nadhani lilikuwa somo bora kuliko yote niliyoyaona katika kaunti zote mbili.

Jioni nilikutana na mama wa mmoja wa watoto hao, ameinama juu ya karai, akichekecha. Mikono yake ilikuwa ndani ya maji yenye zebaki bila glavu. Nilimwuliza anataka mtoto wake ajue nini mwaka ukiisha.

"Mwanangu," alinijibu bila kuinua kichwa, "mimi nauza kwa kuambiwa. Huyu nataka auze kwa kusoma."

Zebaki hiyo inanihangaisha. Somo la mazingira linataja takataka, kunawa mikono, miti na maji safi, na ni vizuri. Lakini mtoto wa Nyatike anaishi na sumu iliyo katika chupa ndogo kwenye rafu ya jikoni, na mwalimu kijana ndiye aliyeamua kuisema kwa akili yake mwenyewe: usiiguse, usiuvute moshi wake ikichomwa, mwambie mama aichome mbali na chakula. Mtaala unamruhusu mwalimu kutumia mambo ya mahali alipo. Ningependa umlazimishe.

Hapohapo Nyatike kuna kuta za Thimlich Ohinga, zilizojengwa kwa mawe matupu bila chokaa wala udongo, karne kadhaa zilizopita, na zikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018. Nilifika nikakuta darasa limeletwa kwa miguu. Kila kundi lilikuwa na kamba yenye fundo kila baada ya mita moja. Walipima unene wa ukuta mlangoni, wakapata mita moja na ushee, wakabishana kuhusu huo ushee. Urefu kwenda juu uliwashinda, maana mahali pengine kuta hufika mita 4.5. Msichana mmoja akapendekeza wamsimamishe mwenzao ukutani, wampime, kisha wahesabu ni wangapi kama yeye wangetosha mpaka juu. Hakuna aliyemfundisha hilo. Mlangoni waliinama kupita, kwa sababu milango ile iliwekwa mifupi makusudi ili adui aingie akiwa ameinamisha kichwa, na mwalimu aliwaacha wapite mara mbili tatu ili wahisi wenyewe.

Upande wa Kuria, katika kaunti hiyohiyo ya Migori, mambo ya lugha yanageuka. Kikuria ni ndugu wa Kiswahili, kina ngeli zake, na mtoto wa Kehancha hufika shuleni sikio lake likiwa tayari limezoea upatanisho. Isebania ni mpaka tu na Sirari ya Tanzania. Watoto huvuka na mama zao siku ya soko, na Kiswahili wanachokisikia huko kinawafanya wasome hadithi ya Gredi ya Tatu kama mazungumzo. Wanachohangaika nacho ni Kiingereza. Watoto wa kaunti moja, kitabu kimoja, mwaka mmoja, lakini kazi ya mwalimu wa Nyatike na kazi ya mwalimu wa Kehancha ni mbili tofauti kabisa, na kitabu cha mwalimu kinawazungumzia kana kwamba ni mtu mmoja.

Lakini Kuria kuna hofu nyingine, na walimu huitaja mapema, mwaka ukianza. Muhula wa tatu ni mfupi, na unapofungwa mwishoni mwa Oktoba huja likizo ndefu ya Novemba na Desemba. Huo ndio msimu wa ukeketaji. Sheria ya mwaka 2011 imeupiga marufuku, na baadhi ya makanisa na mashirika hufungua kambi za likizo ili wasichana wapate pa kukaa. Mwalimu mmoja aliniambia kwamba somo analolifundisha kwa makini kuliko yote ni lile la usalama wa mtoto: mwili wako ni wako, mtu wa kumwambia ni nani, nyumba ya chifu iko wapi, namba ya kupiga ni 116. Aliwafanya waikariri namba hiyo pamoja na jedwali la kuzidisha. Sikumuuliza kama huwa inatosha. Januari huhesabu waliorudi.

Kuna pia mambo mwaka huu unayowapa ambayo hayamo katika ripoti ya shule. Vidonge vya minyoo hutolewa darasani, na kandokando ya ziwa huongezwa vile vya kichocho, vinavyopimwa kwa kimo cha mtoto kwa fimbo iliyowekwa alama. Chanjo ya malaria ilizinduliwa nchini Kenya huko Ndhiwa, kaunti ya Homa Bay, Septemba 2019, na watoto wachanga wa wakati ule sasa wameshaanza shule. Walimu wa madarasa ya chini hutaja jambo hilo kwa matumaini, kwani malaria imewaibia siku nyingi za masomo kuliko kitu kingine chochote wakijuacho.

Serikali hutoa shilingi 1,420 kwa kila mtoto wa shule ya msingi kwa mwaka mzima, nazo hufika kwa mafungu, mara nyingi kwa kuchelewa. Chaki, maji, ukarabati wa choo, vifaa vya tathmini, mlinzi wa usiku, vyote vinangoja humo. Elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2003, watoto walifurika kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2, na lilikuwa jambo jema lisilopaswa kujutiwa. Lakini nchi iliyowaita watoto hao inadaiwa. Nikiulizwa pa kuanzia, nitasema hapa: Gredi ya Tatu ipewe mwalimu mzoefu kuliko wote shuleni, na watoto wasizidi arobaini. Desturi niliyoikuta ni kinyume chake. Wazoefu hupelekwa juu, kwenye mitihani, na wadogo huachiwa aliyefika jana.

Nilirudi Mbita mwezi wa kumi, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya Tatu ikiwa imekwisha. Mwalimu wa lile darasa la mlimani ana daftari lake mwenyewe, mbali na fomu za KNEC, baraza la mitihani la taifa, lenye safu tatu: wanaosoma hadithi na kuisimulia, wanaosoma sentensi, na ambao bado wanaunganisha silabi. Safu ya tatu ilikuwa na majina tisa. Januari ilikuwa imejaza ukurasa.

Alinichukua mpaka chumba cha walimu, akaketi karibu na mwenzake wa Gredi ya Nne, akamfungulia.

"Hawa tisa usiwakalishe nyuma," akamwambia.

"Mwalimu, mimi nitakuwa na sabini."

"Najua. Mkalishe kila mmoja na anayesoma, na sayansi uwaeleze kwanza kwa Dholuo kabla hujafungua kitabu. Mpaka likizo ya Aprili tu."

"Na mkaguzi akija?"

"Nitumie mtoto, nitakuja mimi nimweleze."

Mwenzake akavuta daftari karibu, akaanza kunakili majina.